Kina na Joto: Historia ya Tabianchi ya Ziwa Nyasa na Umatengo

Katika mjadala kuhusu ongezeko la joto duniani, hoja inayorudiwa zaidi na wanaotilia shaka mchango wa binadamu ni kwamba tabianchi, yaani wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi, imekuwa ikibadilika tangu kale, karne nyingi kabla ya kuwapo kiwanda chochote. Hoja hiyo ni ya kweli, na ni sehemu chache za Afrika Mashariki zinazoithibitisha vizuri kama nchi ya Mbinga na mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, ambako milima ya Umatengo inashuka kwa kasi hadi kwenye ziwa lenye kina cha takriban mita 700. Swali ni kama ukweli huo unabeba hitimisho linalowekwa juu yake, kwamba joto la leo nalo ni zamu nyingine tu ya mizunguko ya asili. Historia ya eneo hili inajibu kwamba haulibebi, na inaonyesha pia kwamba wabishi wa pande zote mbili wamekuwa wakichanganya mambo mawili yenye historia tofauti, yaani kina cha ziwa na joto la maji yake.

Ushahidi wa kale kabisa umo ndani ya miamba ya bonde la mto Ruhuhu, kaskazini mwa nchi ya Mbinga. Chini kabisa ya matabaka ya bonde hilo kuna mawe yaliyosagwa na kuburutwa na barafu miaka takriban milioni 300 iliyopita, wakati sehemu hii ya Afrika ilipokuwa imeungana na Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika katika bara moja liitwalo Gondwana, na ilipokuwa karibu zaidi na ncha ya kusini ya dunia. Juu ya mawe hayo yamelala matabaka ya makaa ya mawe, ambayo ni mabaki ya misitu ya vinamasi iliyostawi baada ya barafu kuyeyuka, ikafukiwa na tope kabla ya kuoza na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka. Juu zaidi yamo matabaka mekundu ya nchi yenye joto na ukame wa msimu, ambamo wanasayansi wamechimbua mifupa ya reptilia wakubwa. Barafu, kinamasi na nchi kame vimepokezana mahali pamoja, na anayedai kwamba tabianchi ya dunia haikuwahi kubadilika hadi binadamu alipojenga mtambo wa mvuke atakanushwa na mawe ya Ruhuhu peke yake. Hata hivyo mabadiliko hayo yalichukua mamilioni ya miaka, na yalitokana na mwendo wa mabara na kupungua au kuongezeka kwa hewa ukaa angani, gesi ileile inayobishaniwa leo.

Ziwa lenyewe ni changa likilinganishwa na miamba hiyo. Lilizaliwa pale Bonde la Ufa lilipoanza kupasuka na kuzama, na tangu wakati huo limekuwa likipokea tope, chavua, majivu ya volkano za Rungwe na mabaki ya viumbe wadogo wa majini, vyote vikitua sakafuni tabaka juu ya tabaka. Kwa kuwa maji ya chini ya mita 200 hivi hayana oksijeni, minyoo na viumbe wengine wa kuchimbua tope hawawezi kuishi humo, na matabaka hayo yamebaki bila kuvurugwa. Mwaka 2005 timu iliyoongozwa na Christopher Scholz, Andrew Cohen na Thomas Johnson, wote kutoka vyuo vikuu vya Marekani, iligeuza chombo bapa cha mizigo kuwa jukwaa la kuchimbia, ikashusha mabomba hadi sakafuni na kutoa nguzo za tope kutoka kina cha mita 380 chini ya sakafu ya ziwa. Tope la chini kabisa lilikuwa na umri wa miaka takriban milioni 1.3.

Kilichosomwa katika nguzo hizo kiliwashangaza hata waliokuwa wakitarajia mabadiliko makubwa. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ziwa lilipungua mara kadhaa kwa kiasi ambacho hakuna ukame uliorekodiwa na binadamu unaoweza kulinganishwa nacho. Katika ukame mkali zaidi uso wa maji ulishuka kwa takriban mita 600, ujazo wa ziwa ukapungua kwa asilimia 95 au zaidi, na kilichobaki kilikuwa dimbwi lenye maji ya magadi, lililozungukwa na uoto wa nusu jangwa mahali ambapo leo pana misitu ya miombo. Tope la vipindi hivyo lina viumbe wa maji ya kina kifupi yenye chumvi, na chavua yake imepungukiwa na miti. Wapo watafiti waliouhusisha ukame huo na kutawanyika kwa binadamu wa kale ndani na nje ya Afrika. Dhana hiyo inavutia, ingawa ushahidi wa tope hauwezi wenyewe kusema nani alihama na kwa nini.

Sababu ya ukame ule inajulikana, na hilo ndilo jambo ambalo wanaotaja mizunguko ya asili mara nyingi huliacha. Dunia inapozunguka jua mhimili wake huyumba polepole, na yumbo moja hukamilika kwa miaka isiyopungua 20,000, hivi kwamba ncha ya kusini huelekea jua wakati dunia iko karibu nalo katika zama fulani, na wakati iko mbali nalo katika zama nyingine. Umbo la njia ya dunia nalo hubadilika, kwa mzunguko wa miaka takriban 100,000, kutoka karibu duara hadi duara lililobonyea, na kadiri linavyobonyea ndivyo athari ya yumbo inavyokuwa kubwa. Mserbia Milutin Milanković alifanya hesabu za mizunguko hii kwa mkono kwa miaka mingi na kuzichapisha kwa ukamilifu mwaka 1941. Katika kipindi cha ukame mkubwa wa Ziwa Nyasa njia ya dunia ilikuwa imebonyea sana, kwa hiyo mvua za kiangazi cha kusini ziliongezeka na kupungua kwa kishindo. Baada ya miaka 70,000 hivi iliyopita njia ilikaribia tena duara, mabadiliko yakatulia, na ziwa likajaa. Mizunguko hii inaweza kuhesabiwa mbele kama inavyohesabiwa nyuma, na hesabu hizo zinaonyesha kwamba mabadiliko yake ndani ya karne moja au mbili ni madogo mno kiasi cha kutoonekana kwenye kipimajoto.

Tope hilohilo limehifadhi pia joto. Baadhi ya vijidudu vya majini hubadilisha muundo wa mafuta ya utando wao kulingana na joto la maji wanamoishi, na mafuta hayo hudumu katika tope baada ya vijidudu kufa. Kwa kuyapima, watafiti walikadiria mwaka 2005 kwamba Ziwa Nyasa liliongezeka joto kwa takriban digrii 3.5 za Selsiasi kutoka kilele cha enzi ya mwisho ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, hadi zama zilizofuata. Hili ndilo badiliko kubwa la asili la joto ambalo binadamu wa sasa wamelipitia wakiwa pembezoni mwa ziwa hili, na ni vyema kukumbuka ukubwa wake na kasi yake pia, kwa sababu kiwango hicho, hata kikigawanywa kwa miaka 5,000 tu, hakizidi sehemu saba za mia za digrii moja kwa karne.

Zama za karibu zaidi zina ushahidi mwingi na ugomvi mwingi. Kati ya mwaka 1300 na 1850 hivi sehemu kadhaa za Ulaya zilipata baridi kali, na kipindi hicho kikaitwa Enzi Ndogo ya Barafu. Katika Ziwa Nyasa tope la miaka hiyo linaonyesha pepo za kaskazini zenye nguvu na hali ya ukavu, na mwaka 1990 kundi la watafiti lilidai kwamba uso wa ziwa ulikuwa chini ya ulivyo leo kwa mita zaidi ya 100 katika karne za karibu kabla ya 1850, dai ambalo wengine wameliona kuwa kubwa kupita kiasi. Ajabu ni kwamba Ziwa Naivasha nchini Kenya linatoa habari tofauti: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba lilikuwa na ukame mrefu kati ya 1000 na 1270, kisha likawa na maji mengi hadi karibu mwaka 1850, isipokuwa vipindi vitatu vya ukavu, cha mwisho kikiwa kati ya 1760 na 1840. Nyasa ilikuwa kavu wakati Naivasha ikijaa. Mvua ya Afrika Mashariki ilikuwa imehama, na kilichopotea upande mmoja kilionekana upande mwingine.

Tofauti hiyo si ya ukanda huu pekee. Mwaka 2019 watafiti waliokusanya kumbukumbu za pete za miti, matumbawe, barafu na tope kutoka pande zote za dunia walihitimisha kwamba baridi ya Enzi Ndogo ya Barafu, pamoja na uvuguvugu uliotangulia katika zama za kati, haikuwahi kufika kila mahali kwa wakati mmoja. Kila eneo lilikuwa na karne yake ya baridi na karne yake ya joto. Kwa upande wa karne ya ishirini, kipindi cha joto kubwa zaidi katika miaka 2,000 kiliangukia humo kwa asilimia 98 ya uso wa dunia. Mizunguko ya asili ya kiwango cha karne hugawa joto na mvua bila usawa. Joto la sasa limefika karibu kote kwa pamoja.

Kuhama kwa mvua kuliacha alama katika historia ya watu wa Mbinga, ingawa kwa njia ya mzunguko. Mwishoni mwa karne ya kumi na nane na mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kusini mwa Afrika kulitokea ukame mkali, na baadhi ya wanahistoria wanauhesabu kuwa mojawapo ya sababu za vita na uhamaji uitwao Mfecane, uliowatimua Wangoni kuelekea kaskazini. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, siku ya kupatwa kwa jua, likaenda hadi Ufipa, na baada ya kifo cha kiongozi huyo mwishoni mwa miaka ya 1840 makundi ya Wangoni yalitawanyika, mengine yakafika Songea na kukutana na Wangoni wa Maseko waliokuja kwa njia yao. Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, wakiwa wamesongwa na mashambulizi, walijikusanya katika miinuko mikali. Watu wengi katika ardhi ndogo yenye mteremko walilazimika kuilima bila kuipoteza, na kilimo cha ngolo kikaimarika. Nyasi hufyekwa na kupangwa katika mistari inayokatana kama miraba, udongo hufukuliwa kutoka katikati ya kila mraba na kufunika nyasi hizo, na kinachobaki ni mashimo mengi yanayozungukwa na matuta. Mvua kubwa inapokuja maji hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kurutubisha maharage na mahindi yanayopandwa juu ya matuta. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walikichunguza kwa kina kilimo hicho katika miaka ya 1990, na hawakuwa na mengi ya kukirekebisha.

Mwezi wa Septemba mwaka 1859 David Livingstone na John Kirk walifika ncha ya kusini ya ziwa kwa kufuata mto Shire, ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji yake. Miezi michache kabla ya hapo, jijini London, John Tyndall alikuwa amepima katika maabara yake jinsi gesi mbalimbali zinavyozuia mionzi ya joto, na kugundua kwamba oksijeni na naitrojeni, ambazo ni sehemu kubwa ya hewa, huiachia mionzi hiyo ipite karibu yote, ilhali mvuke wa maji na hewa ukaa huinyonya. Eunice Foote wa Marekani alikuwa ameonyesha mwaka 1856, kwa chupa za kioo na vipimajoto vilivyowekwa juani, kwamba hewa ukaa hupata joto zaidi kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo sayansi ya gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto la dunia lisitoroke angani, ni ya zamani kama safari ya Livingstone ya kufika Ziwa Nyasa, na anayeiita uzushi wa siasa za karne ya ishirini na moja hana budi kueleza walimu wake walitoka wapi.

Kuanzia hapo kina cha ziwa kina kumbukumbu za maandishi, nazo ni za kupanda na kushuka. Mwanzoni mwa karne ya ishirini maji yalipungua mfululizo, na kufikia mwaka 1915 Shire ulikuwa umeacha kupokea maji ya ziwa, mchanga na majani yakaziba mlango wake kwa takriban miaka 20. Kisha ziwa likapanda nyuma ya kizuizi hicho hadi katikati ya miaka ya 1930, maji yalipokipasua na mto kutiririka tena. Meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, mwezi wa Agosti 1914, pambano hilo lilifanyika juu ya ziwa lililokuwa likielekea kiwango chake cha chini kabisa kuwahi kupimwa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulikuwa umechora mpaka kwa kufuata ufuo, na tangu 1915 hadi 1980, ziwa lilipofikia kiwango cha juu kabisa kilichorekodiwa, uso wa maji ulipanda kwa zaidi ya mita sita. Waliochora mpaka huo hawakujiuliza ni ufuo wa mwaka gani.

Sababu ya kuyumba huko iko wazi kwa anayejua namna ziwa linavyopokea na kupoteza maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nyasa huondoka kwa kugeuka mvuke juu ya uso wake mpana, na ni sehemu ndogo tu inayotoka kwa mto Shire, hivyo ziwa huishi kwa ziada nyembamba kati ya mvua na mvuke, na upungufu mdogo wa mvua kwa miaka michache mfululizo unatosha kulishusha. Mvua yenyewe hutegemea mambo kadhaa yanayobadilika kwa asili: El Niño, yaani kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki ya kati na mashariki, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, ambayo watafiti wa Japani waliipa jina na maelezo kamili mwaka 1999. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, zilizoinua Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili katika miaka mitatu, zilitokana na tofauti hiyo, na vivyo hivyo mvua za 1997 na za 2019. Ruvuma iko mahali pagumu kutabirika, kwa kuwa El Niño kwa kawaida huleta mvua nyingi kaskazini mwa Tanzania na ukame kusini mwa Afrika, na mkoa huu uko kati ya pande hizo mbili. Kuanzia mwaka 1965 lango la Liwonde nchini Malawi limekuwa likidhibiti maji yanayotoka, hivyo hata kina cha ziwa si cha asili peke yake tena.

Kutokana na hayo yote hukumu ya kwanza inaweza kutolewa. Mwaka 1997, maji yaliposhuka tena kiasi cha Shire kukaribia kukauka, wengi walisema ni mabadiliko ya tabianchi. Maji yanapopanda na kuvamia nyumba za mwambaoni husemwa vilevile. Madai yote mawili ni dhaifu. Kina cha ziwa ni shahidi wa mvua, na mvua ya ukanda huu ilikuwa ikiyumba hivyo kabla ya makaa ya mawe kuchomwa kwa wingi. Anayetumia kina kuthibitisha mchango wa binadamu anampa mpinzani wake ushindi wa bure, kwa kuwa mpinzani atamwonyesha mwaka 1915.

Habari ya joto ni nyingine. Mwaka 1938 mhandisi wa Kiingereza Guy Stewart Callendar alikusanya rekodi za vituo vya hali ya hewa vya dunia nzima na kuonyesha kwamba hewa ukaa ilikuwa imeongezeka kwa sababu ya uchomaji wa makaa na mafuta, na kwamba dunia ilikuwa imeanza kupata joto. Wachache walimsikiliza, na yeye mwenyewe aliona kuwa jambo hilo lingekuwa la heri kwa sababu lingezuia barafu isirudi. Mwaka uliofuata, 1939, joto la maji ya kina ya Ziwa Nyasa lilipimwa kwa mara ya kwanza kwa utaratibu. Vipimo hivyo vilikaa kwenye kumbukumbu kwa miongo sita, hadi Martin Vollmer na wenzake walipovilinganisha na vipimo vya baadaye hadi 1999 na kutangaza matokeo yao mwaka 2005: maji yaliyo chini ya mita 300 yalikuwa yamepata joto kwa takriban digrii 0.7.

Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini uzito wake uko mahali ilipopimwa. Maji ya kina hicho hayaguswi na jua wala na msimu mmoja wa joto. Hupozwa pale tu pepo za kusi, ambazo wavuvi wa ziwa huziita mwera, zinapovuma kati ya Mei na Agosti na kuupoza uso wa ziwa kusini, maji baridi na mazito yakazama. Majira ya baridi yakiwa na joto zaidi mwaka hadi mwaka, maji yanayozama hupungua, na kina hupata joto polepole. Kwa hiyo maji ya kina hufanya kazi ya wastani wa miongo mingi, yakisahau kelele za El Niño moja au nyingine. Kupungua kwa mchanganyiko huo kuna maana kwa wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli pia, kwa sababu virutubisho vilivyozama hupanda juu kwa njia hiyohiyo, na vijimea vya juu ndivyo vinavyomlisha samaki mdogo aitwaye usipa na kila samaki anayemla usipa. Katika Ziwa Tanganyika watafiti walieleza mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa vijimea ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 20 kutokana na joto, na mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake, wakitumia mafuta yaleyale ya vijidudu, walionyesha kwamba joto la Tanganyika la mwishoni mwa karne ya ishirini halikuwahi kufikiwa tangu mwaka 500 wa zama zetu.

Sababu za asili zinazojulikana zilipimwa moja baada ya nyingine, na hakuna iliyofaa. Yumbo la mhimili ni la polepole mno. Jua limepimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mbali na mzunguko wake wa miaka 11, unaobadilisha nguvu yake kwa takriban sehemu moja ya elfu, halikuongezeka huku joto likipanda. Volkano hupoza: Tambora ya Indonesia ilipolipuka mwaka 1815, Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilikosa kiangazi mwaka uliofuata, na Pinatubo ya Ufilipino ilishusha joto la dunia kwa nusu digrii hivi baada ya 1991. El Niño huhamisha joto kutoka baharini kwenda angani bila kulizalisha, na kama bahari ndiyo ingekuwa inalipa deni hilo ingepoa, ilhali bahari nayo inapata joto. Zaidi ya hapo, tabaka la chini la anga linapata joto wakati tabaka la juu linapoa, jambo ambalo jua lenye nguvu zaidi lisingeweza kulifanya kwa kuwa lingeyapasha matabaka yote mawili. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ambalo Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mmoja wa makamu wake wa mwenyekiti, lilikadiria mwaka 2021 kwamba binadamu aliipasha dunia kwa digrii 1.07 kati ya nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa na muongo wa 2010 hadi 2019, na kwamba mchango wa jua na volkano kwa pamoja ulikuwa kati ya kupoza sehemu moja ya kumi ya digrii na kupasha kiasi hichohicho.

Uthibitisho wa mwisho unarudi Mbinga. Makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011, ni kaboni ya mimea iliyokufa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Kila kiumbe hai hubeba kiasi kidogo cha aina ya kaboni iitwayo kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na katika makaa ya kale namna hiyo imekwisha kabisa. Yanapochomwa, hewa ukaa inayotoka haina kaboni-14, na mwaka 1955 Hans Suess alionyesha kwamba hewa ya dunia ilikuwa imeanza kuchanganyika na kaboni ya kale ya namna hiyo. Hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa kabla ya viwanda, 315 Charles Keeling alipoanza kuipima Hawaii mwaka 1958, na sasa imepita 420, wakati barafu ya Antaktika inaonyesha kwamba haikuwahi kuzidi 300 hivi katika miaka 800,000 iliyopita.

Ushahidi unaopendwa na magazeti, yaani theluji ya Kilimanjaro, haufai kutangulizwa. Ni kweli kwamba kati ya 1912 na 2000 mlima huo ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake, kutoka kilomita za mraba 12 hivi hadi zisizofika tatu, lakini barafu ilianza kurudi nyuma mnamo 1880, wakati hewa ukaa ilikuwa bado haijaongezeka sana, na wataalamu kama Georg Kaser wameeleza kwamba ukavu wa hewa ndio ulioianzishia safari hiyo. Joto la baadaye limechangia kwa kiasi kinachobishaniwa. Ziwa Nyasa halina sura ya kuchapishwa kwenye kalenda, ila ushahidi wa joto la maji yake ya kina ni safi zaidi.

Kwa mkulima wa Mpepai, au wa kata yoyote ya Mbinga inayolima kahawa, athari inayopimika zaidi huja usiku. Gesijoto huzuia dunia isipoe baada ya jua kutua, hivyo joto la chini kabisa la usiku hupanda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukitumia takwimu za Tanzania kuanzia 1961 hadi 2012 uligundua kwamba kila digrii moja inayoongezeka kwenye joto hilo inapunguza mavuno ya kahawa ya arabika kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Kahawa iliyoingia Umatengo katika miaka ya 1920 ilifuata ubaridi wa miinuko. Kupanda juu zaidi kunawezekana kwa wachache tu, kwa sababu milima ina mwisho na kilele hakina shamba la kutosha, na ngolo inayozuia mmomonyoko haiwezi kuupoza usiku.

Sehemu ya Tanzania katika hewa ukaa inayotokana na makaa, mafuta na gesi duniani haifiki asilimia 0.1, hata makaa ya Ngaka yakihesabiwa, kwa hiyo lawama kubwa iko kwingine na wenye nayo wanajulikana. Kazi iliyo mikononi mwa nchi zenye ziwa ni ya kupima. Ulinganisho wa Vollmer uliwezekana kwa sababu tu mtu alishusha kipimajoto mwaka 1939 na kuandika alichokiona. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yenye kituo chake Kyela, pamoja na wenzao wa Malawi na Msumbiji, wanapaswa kupima joto la kina kila mwaka, mahali palepale na msimu uleule, na kuweka namba hizo wazi kwa kila anayezihitaji.